Maji ya Alhamisi

Igawa, pembeni ya barabara kuu, kuna banda la fundi pancha, na nje ya banda kuna kiti kirefu kilichong'olewa kwenye basi bovu, kimefungwa kwa waya kwenye nguzo mbili. Hapo ndipo kijiwe. Saa mbili asubuhi Nasri anakuwa ameshawasha jiko lake la mkaa, birika la kahawa liko juu, kashata ziko kwenye kopo la maziwa ya unga, na vikombe vidogo vinne vinaelea kwenye beseni. Atakayekuja wa tano anasubiri mwenzake anywe. Lori likipita kiti kinatetemeka, watu wananyamaza, likishapita kila mmoja anaendelea na neno lake pale alipoliachia. Mzee Sosthenes alipenda kukaa mwisho kabisa, upande wa kivuli. Alikuwa Mhehe, alishuka kutoka Iringa akiwa na miaka ishirini na miwili kuja kufanya kazi kwenye shamba la miwa, na kwa kuwa hakukosa kalamu kwenye mfuko wa shati, kijiwe kizima kilimwita Karani. Hakuwahi kusema kwamba alikuwa karani. Hakuwahi kukataa pia.

Jumatano ile mazungumzo yalikuwa ya tangazo. Lilibandikwa kwenye ofisi ya kijiji, na lilisema shamba la zamani la miwa linauzwa. Watu waliliita Kwa Mgiriki, ingawa Mgiriki mwenyewe aliondoka kabla wengi hawajazaliwa, ikaja kampuni, nayo ikafunga miaka kumi na miwili iliyopita. Sasa mnunuzi alitaka kujenga yadi ya malori na kupima viwanja. Kabla ya hapo ilitakiwa Tathmini ya Athari kwa Mazingira, kwa kifupi TAM, na wenye maoni wafike mkutanoni Jumatatu.

— Hii TAM wamesahau kuweka u mwishoni, alisema Aroni.

Aroni alikuwa dereva wa bodaboda. Walimwita Satelaiti, kwa sababu habari zote zilipita kwake kwanza, hata zile ambazo hazijatokea.

— Hawajasahau, alijibu Nasri akisuuza kikombe. Tamu yenyewe ameila Mgiriki, ikala kampuni. Sisi tumeachiwa TAM.

— Wiki ya tatu hii wanapita bondeni na mabuti, alisema Clement, mwenye banda. Wanapima ile bwawa kwa kijiti. Wanahesabu yangeyange. Mtu mzima, na shule yake yote, anahesabu ndege.

Clement alikuwa Mnyakyusa wa Tukuyu, jina lake la kijiweni Presha. Wengine walisema ni kwa sababu ya matairi, wengine walisema ni kwa sababu ya hasira.

— Waache wahesabu, alisema Tekla.

Yeye alikuwa amelitua beseni lake la mboga, chainizi, miguuni. Bustani yake ilikuwa chini ya bwawa lile, ng'ambo ya shamba, na alikuwa mwanamke pekee aliyekaa kwenye kiti kile bila kusubiri kukaribishwa.

— Mimi nataka waniambie kitu kimoja tu, aliendelea. Mwezi wa kumi, jua linapasua mawe. Jumatano unaona tope tupu. Ijumaa asubuhi unakuta maji yamejaa mpaka kwenye matete. Kila wiki, miaka yote. Haya maji nani anayaleta?

Sosthenes alikipeleka kikombe mdomoni. Kahawa ilikuwa imeshaisha. Akainywa hivyohivyo.

— Hilo nimeshalifanyia uchunguzi, alisema Satelaiti. Alhamisi kuna chombo kinapita angani juu ya bonde letu la Usangu. Kikipita, maji ya chini yanavutwa yanapanda. Kama mwezi unavyovuta bahari.

— Umelisoma wapi? aliuliza Presha.

— Kuna kundi nipo, la mtandaoni.

— Hiyo chai.

— Chai hapana, hapa ni kahawa tu, alisema Nasri, kama alivyosema kila neno hilo lilipotajwa. Halafu mnazunguka mbali bure. Alhamisi jioni ni kuamkia Ijumaa. Siku tukufu hiyo. Maji yanajiandaa mapema watu wapate kutawadha.

— Kwa hiyo bwawa limesilimu, alisema Tekla. Mbona linamwagilia chainizi ya Mlutheri?

— Rehema haibagui, dada yangu.

— Shida yenu hamjui mambo ya upepo, alisema Presha. Hakuna kitu kinatoka mahali bila kusukumwa. Chini ya ile shamba kuna mizizi ya miwa ya miaka hamsini, imesukana kama tyubu. Wiki nzima inanyonya, inavimba. Alhamisi imeshiba, inatapika. Wahenga walisema, maji ya kifuu bahari ya chungu. Chungu kikijaa lazima kimwage.

Nasri, ambaye babu yake alitoka Kilwa na biashara ya nguo, hakuweza kuvumilia methali ivunjwe mbele yake.

— Chungu wa pale ni mdudu, Presha.

— Mdudu anatia wapi maji?

— Hatii maji. Ni mdogo, ndiyo maana kifuu kwake ni bahari.

— Basi wahenga wangesema siafu, tuelewane.

Satelaiti aliona mazungumzo yanamponyoka.

— Ukweli wenyewe niliogopa kuusema. Kule juu kwenye banio, pale maji ya mto yanapoingizwa kwenye mfereji, kuna joka. Wiki nzima limelala kwenye lango, limeziba. Alhamisi linageukia ubavu wa pili, maji yanapita.

— Kwa nini Alhamisi?

— Nyoka naye anachoka. Mficha uchi hazai.

— Hiyo nayo imeingiaje hapa? aliuliza Nasri kwa masikitiko.

— Imepita tu.

— Mimi wachungaji wameniambia wanaonaga mtu, alisema Tekla. Kwa mbali, kwenye matete. Anainama, anazungusha kitu, anakaa.

— Ndiyo huyo, alisema Presha, na sauti yake ikashuka. Mgiriki. Hakuondoka yule. Alijificha kule banioni, anakula miwa iliyojiotea. Miwa ina nguvu, jamani. Sasa hivi ana kama miaka mia na thelathini.

— Miaka mia na thelathini, na anazungusha vyuma?

— Ndiyo maana anazungusha mara moja tu kwa wiki.

Sosthenes alicheka. Alicheka mpaka kashata ikampalia, Presha akampiga mgongoni, Nasri akampa maji. Alikuwa na miaka sitini na saba, na hakuna aliyewahi kumzidishia kiasi kile.

Kwa maana mtu yule wa kwenye matete alikuwa yeye. Kampuni ilipofunga, meneja alimwambia, Sosthenes, funga lango, tutakuita. Akalifunga, akauchukua usukani wa lango kwenda nao nyumbani, kwa kuwa ndiye aliyesaini kuupokea. Wiki tatu baadaye alipita bondeni akakuta perege wanapumulia matope, na mama mmoja asiyemfahamu anatoa maji ya mwisho kwenye shimo kwa kikombe. Alhamisi ndiyo iliyokuwa zamu ya maji ya bondeni tangu enzi za miwa. Basi Alhamisi hiyo, saa kumi jioni, akaenda na usukani wake akafungua, na saa kumi na mbili akafunga. Alijiambia ni siku ile tu. Wachungaji waliomwona walidhani bado ni mfanyakazi wa kampuni, na siku nyingine hata yeye alidhani hivyo. Mkewe, Esta, alijua, kwa sababu hakuna mwanamke asiyejua tope la viatu vya mumewe. Kijiweni Sosthenes alisema anakwenda jumuiya, kusali.

Alikuwa bado anajifuta machozi ya kicheko pale dada mmoja wa wale wapimaji wenye mabuti alipovuka barabara kuja kwao.

— Shikamooni.

— Marahaba, mwanangu. Karibu, ukae, alisema Nasri, na akampa kikombe kabla hajaulizwa kama anakunywa.

Jina lake Asmaa, mzaliwa wa Mbeya mjini, na ndiye aliyekuwa akiandika habari za maji kwenye ile tathmini. Aliketi karibu na Tekla, akafungua faili juu ya magoti.

— Wazee wangu, nimebakiza sehemu moja tu sijajaza. Maji ya lile bwawa yanatoka wapi?

Presha alimtazama Satelaiti. Satelaiti akaanza, kitaalamu, dada, akaishia hapo. Nasri akachochea mkaa ambao haukuhitaji kuchochewa.

— Mnaishi hapa siku zote, alisema Asmaa. Nilidhani mtajua.

— Tunajua, alisema Presha. Ila hatujakubaliana.

— Basi nitaandika chemchemi ya asili. Wenzangu wote wanaona hivyo.

— Hiyo ni nzuri kwetu? aliuliza Tekla.

— Kwa bwawa ni nzuri, halitaguswa. Ila ule mfereji wa zamani utafukiwa. Unakata katikati ya yadi, na kila tunapopita asubuhi ni mkavu. Mimi Ijumaa nimeona tope bichi ndani yake, wenzangu wanasema ni umande.

Sosthenes alielewa haraka kuliko wote. Akinyamaza, mfereji utafukiwa, na bwawa litakufa mbele ya karatasi inayosema linajitosheleza. Akisema, ni mtu aliyechukua maji ya mto miaka kumi na miwili bila kibali, na Usangu watu wamefikishwa mahakamani kwa mpira mmoja wa bustani. Tena kulikuwa na jambo jingine, dogo, ambalo aliona aibu kwamba linamuuma sawa na hilo la mahakama. Huyu Karani wa kijiweni angekufa leo, hapa, mbele ya Presha.

— Usiandike hivyo, mwanangu, alisema. Si chemchemi. Ninafungua mimi.

Lori likapita. Lilikuwa na matela mawili, limebeba shaba, kiti kikatetemeka muda mrefu. Lilipokwisha kupita, Presha alimgeukia.

— Sema tena, Karani. Hatujasikia.

Ikabidi aseme mara ya pili, na mara ya pili ilikuwa ngumu zaidi.

— Maji ya Alhamisi. Ninayafungua mimi, kwenye banio.

— Alhamisi si unakwendaga jumuiya? aliuliza Nasri. Miaka yote nakufungia kashata ukale na wenzako.

— Nilikuwa nakula mwenyewe kule. Unisamehe.

— Na ofisini walikuruhusu vipi kushika lango? aliuliza Presha. Karani na lango wapi na wapi.

— Sikuwahi kukaa ofisini. Nilikuwa mfungua maji. Kalamu ni ya kuandikia saa ya kufungua na saa ya kufunga.

Hakuna aliyecheka. Hilo lilimshangaza, kwa kuwa alikuwa amejiandaa kwa kicheko. Tekla ndiye aliyekuwa akimkazia macho.

— Mwaka juzi, alisema polepole. Mwezi wa kumi. Ijumaa mbili maji hayakuja.

— Nililazwa Rujewa. Homa ya mapafu.

— Matuta yangu kumi na mawili yalikauka.

— Niliyafikiria, pale kitandani.

— Uliyafikiria. Tekla alilitazama beseni lake. Miaka kumi na miwili mtu ananyeshea bustani yangu, anakaa hapa mbele yangu, nakuuzia fungu na sijawahi kukuongezea hata jani. Ungesema, mzee. Yaani ungesema tu. Kamwene, salamu ya kwenu, huwa tunasalimiana kila siku.

— Ningesemaje?

— Kwa mdomo.

Asmaa alikuwa bado hajaandika kitu.

— Una kibali cha kutumia maji, mzee?

— Sina.

— Nikiandika, jina lako litasomwa Jumatatu, na watu wa ofisi ya bonde la maji watakuwepo. Nisipoandika, mfereji unafukiwa. Unaniambia nifanye nini?

Kijiwe kizima kilimtazama.

— Andika, alisema Sosthenes. Jina langu lina th katikati. Watu hukosea.

Asmaa aliandika, kisha akamwomba kitu kimoja: kesho yake, Alhamisi, asiliguse lango mpaka mkutano upite. Akakubali. Alhamisi ile alikaa nyumbani kuanzia saa tisa, akaweka upya nyavu za banda la kuku ambazo hazikuwa na tatizo, na saa kumi Esta akamtengea chai. Ijumaa Tekla alikuja kijiweni na chainizi zilizolegea masikio. Aliziweka chini, wakaziangalia wote.

Jumatatu ukumbi wa kijiji ulijaa mpaka madirishani. Mwakilishi wa mnunuzi alisimama akasema mfereji ule ni wa maji ya wizi na hauwezi kuizuia yadi yenye hati. Alisema kwa adabu, na alikuwa na hoja. Kisha ofisa wa bonde la maji, mama mmoja mfupi mwenye miwani, akamwita Sosthenes mbele.

— Mzee, ulikuwa unajua ni kosa?

— Nilijua.

— Na ukaendelea miaka kumi na miwili?

— Sikuendelea, mama. Kila Alhamisi nilikuwa nasema hii ndiyo ya mwisho.

Ukumbi ulicheka. Ofisa hakucheka, ila alivua miwani akaifuta muda mrefu kuliko ilivyohitaji. Baadaye alimpa onyo la maandishi, na akasema mambo mawili. La kwanza, shamba linaweza kuuzwa, lakini mfereji na kingo zake vitolewe kwenye ramani ya yadi mpaka suala la kibali liamuliwe. Kwa sasa anaruhusu maji ya saa mbili kwa wiki, bwawa lisife likiwa bado linajadiliwa. La pili, kibali cha namna ile hapewi mtu mmoja. Wanaonufaika waunde jumuiya ya watumia maji.

— Kumbe hakutudanganya, ilisikika sauti ya Nasri kutoka nyuma. Alikuwa anakwenda jumuiya.

Watu walipotulia, Asmaa, ambaye hakuwa amesema kitu tangu asome taarifa yake, akanyoosha mkono.

— Nina swali dogo, ili nimalizie. Siku mzee hayupo, nani anafungua?

Presha alizitazama kucha zake. Satelaiti akatoa simu akaisoma, imezimwa. Mzee mmoja mwenye mashamba ya mpunga akakohoa bila kikohozi. Kisha Tekla akainuka, akajifunga vizuri kitenge.

— Mimi, alisema. Nifundishwe inazungukia upande gani.

Alhamisi walikwenda banioni saa tatu asubuhi, kwa kuwa hakukuwa tena na sababu ya kungoja jioni. Walikuwa wamesema watakwenda Tekla na mzee tu. Wakamkuta Presha huko, na kopo la grisi, akisema amepita tu. Satelaiti naye alikuwa amepita tu, ingawa njia ile haipiti kwenda popote. Nasri hakuja, alituma kashata.

Sosthenes aliuchomeka usukani kwenye mhimili wake, akarudi nyuma. Tekla akaushika kwa mikono miwili.

— Kushoto, alisema Sosthenes. Utagoma mwanzo. Usiulazimishe, uubembeleze.

— Pisha nipake grisi, alisema Presha. Miaka kumi na miwili unazungusha chuma kikavu, mzee. Presha ya namna hiyo inaua mabega.

— Mabega yalishazoea.

Usukani ulilia, ukakubali. Lango likapanda kiasi cha vidole vinne, maji yakaingia mferejini yakinguruma chinichini. Satelaiti alikuwa anapiga picha za kundi lake. Presha na Tekla walikuwa wameshaanza kubishana kama vidole vinne vinatosha. Sosthenes alisimama mikono ikiwa haina kazi, hakujua aiweke wapi, akaificha nyuma.

— Mzee Sosthenes, Tekla aliita, na ilikuwa mara ya kwanza kumwita hivyo. Usisimame hapo bure. Wewe teremka bwawani. Yakifika unipigie, tuandike yanachukua muda gani.

Akateremka. Alitembea kando ya mfereji, upande wa miwa iliyojiotea, akiyatangulia maji, kwa kuwa maji ya mfereji mkavu hayana haraka, hujaza kila ufa kabla ya kusogea. Akiwa njiani ndipo jambo likamjia ambalo hakuwa amelifikiria miaka yote ile. Yeye alikuwa mtu wa lango. Alifungua, akakaa palepale, akafunga, akarudi nyumbani kwa njia ya juu kabla giza halijaingia. Hakuwahi kuyaona yakifika.

Bwawa lilikuwa limebaki dimbwi dogo katikati, pembeni tope limepasuka vipande kama vigae. Yangeyange watatu walisimama kila mmoja kwa mguu mmoja. Alikaa juu ya kichuguu kilichokufa, akavua viatu, akangoja.

Hayakuanza kuja maji. Walianza kuja nyenje, wakirukaruka kutoka mdomoni mwa mfereji, na buibui, na chungu kwa mafungu wamebeba mayai yao, wote wakikimbia kwa adabu upande mmoja. Yangeyange wakashusha miguu. Halafu likaja povu na majani makavu ya miwa, na nyuma yake maji yenyewe, ya rangi ya udongo, membamba, yakipapasa kama mtu anayeingia nyumba ngeni asiyotaka kuamsha wenyeji. Yalifika kwenye ufa wa kwanza yakazama. Yakafika wa pili. Chini ya tope kitu kikajigeuza, kambale au chura, na harufu ya mvua ikapanda ingawa mbingu ilikuwa nyeupe.

Simu ikaita mfukoni. Alikuwa Tekla, na nyuma yake Presha akisema kitu kuhusu vidole vitano.

— Yamefika?

Maji yalikuwa yameshagusa vidole vya miguu yake.

— Bado, alisema Sosthenes. Ngojeni kidogo.

Akaizima simu, akaendelea kutazama.